Kumuaga Raili, Aliyekataa Kupitisha kwa Ukimya

Mheshimiwa Diwani Ylipahkala, uliyeacha Jumamosi yako ya kuteleza kwenye theluji kwa ajili yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Tuure Kyllönen. Wageni wetu kutoka benki na hospitali, ambao milango yenu tunailinda. Wenzangu tunaotengeneza programu ya Salpa. Na wewe Raili Hautamäki, unayestaafu leo na ambaye tayari nakuona ukiangalia saa: hamjambo.

Najua mlitarajia msemaji awe mtu mwenye digrii. Wapo, wamejaa meza ile pale, lakini kila mmoja aliangalia viatu vyake mpaka kazi ikanifikia mimi, Onni, niliyeacha sekondari katikati kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Msihuzunike. Mmepata aliye bora.

Kabla keki haijakatwa, kuna jambo lazima limalizwe. Ufunguo ambao Raili ameutumia kutia sahihi kila toleo la Salpa, ule unaozihakikishia kompyuta za watu kwamba programu hii kweli imetoka kwetu, unahitaji mshikaji mpya. Bodi imenipendekeza mimi. Wenzangu walipoulizwa kama kuna mwenye pingamizi, hakuna aliyefungua mdomo. Mwenyekiti akasema, "Basi, imepita." Raili akaweka kikombe mezani.

"Haijapita," alisema. "Hakuna aliyesema kitu."

Ili wageni wajue kwa nini alinikatia raha namna ile, niruhusuni nieleze. Tangu mwanzo, mabadiliko yote ya Salpa yalipitishwa kwenye meza ya kahawa. Mtu anaweka kazi yake kwenye skrini, wengine wanakunywa, na vikombe vikiisha bila neno, imepita. Je, kuna utaratibu unaotufaa sisi watu wa mji huu wa Oulu kuliko huo? Mwenye tatizo si angesema? Ndivyo tulivyoamini, sisi ambao hata nyumba ikiungua tunasubiri kwanza jirani amalize sentensi yake.

Sasa, Salpa inafanya nini? Unapowasiliana na benki kwa simu, inayafunga maneno yenu ili asiyasome mtu njiani. Lakini kabla ya kufunga, lazima ijue aliye upande wa pili ni nani. Ndani yake kuna sehemu tunayoiita mkaguzi. Salpa inamuuliza: hiki kitambulisho cha benki ni cha kweli? Mkaguzi hujibu ndiyo, au hapana.

Majira ya baridi yaliyopita nikaamua kumchokoza mkaguzi. Nilimrundikia vitambulisho vya uongo, vikubwa, vya ovyo, mpaka akaishiwa kumbukumbu akazimia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na Salpa ikafanya nini? Ikanikaribisha. Kumbe miaka yote ilikuwa inasikilizia neno hapana tu. Ilipolikosa, ikaona mambo shwari, ikafunga mlango kwa kufuli imara kabisa, na mwizi yumo ndani.

Nikaenda kwa Raili, kifua mbele.

"Raili, nimeingia kama benki."

"Benki gani?"

"Yoyote unayoitaka. Chagua."

Akamaliza kunywa kwanza. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akautafuta mstari wa programu ulioniruhusu kuingia, akasema, "Huu niliuandika mimi." Akawageukia waliokuwa mezani siku ulipopitishwa. Pentti akasema, "Mimi nilidhani Aulis ameusoma." Aulis akasema, "Mimi nilimwona Pentti amenyamaza, nikajua ameuelewa." Mnaona mambo hayo? Tulitengeneza programu inayofikiri kama sisi. Wote tulidhani ukimya ni ndiyo.

Nilicheka, sikatai. Raili hakucheka. Alikuwa akifikiria wodi za hospitali, ambako majibu ya vipimo vya wagonjwa yanapita kwenye ule mlango wake.

Hapo ndipo nilipomwona Raili Hautamäki ni nani. Ndugu Mwenyekiti, utanisamehe, maana ulikuwa na nia njema: ulishauri tangazo liseme tu kwamba kasoro imegunduliwa, bila jina, kwa kuwa mama wa watu anakaribia kustaafu. Raili akakujibu, nami nilikuwepo, "Jina langu liko kwenye kazi zote nzuri za Salpa. Kwa nini kwenye hii likose?" Akaliandika mwenyewe, juu kabisa. Ni wangapi wetu, wenye digrii na sisi tusiozihitaji, tungefanya hivyo?

Halafu akatuweka kazini. Tukarekebisha, tukawajulisha kwanza wanaoitumia Salpa ili wabadilishe nakala zao, na siri ikakaa kimya mpaka wote walipokuwa salama. Hapo, ndugu zangu, ukimya wetu ulifanya kazi ya maana. Pentti hakumwambia hata mkewe. Mkewe yule pale. Helvi, ulijua? Anatikisa kichwa. Anasema anadhani Pentti alikuwa na mafua.

Siku ya tangazo hapakuwa na mlango hata mmoja tunaoujua uliobaki wazi. Wezi walisoma habari sawa na kila mtu, wakakuta tumeshafunga. Mimi niliyeiona kasoro najivuna, na nitaendelea kujivuna mpaka mnichoke. Lakini kuiona ni jambo moja. Kusimama mbele ya dunia nzima na kusema mstari huu mbovu ni wangu, nami naurekebisha, hilo sikulifanya mimi.

Tangu hapo kikombe hakipitishi kitu. Aliyesoma lazima atamke, "Nimesoma," na sauti isikike. Mwaka huu Pentti ameongea kuliko maisha yake yote ya ndoa.

Kwa hiyo Raili yuko sahihi, na mimi ufunguo wake siuchukui kwa ukimya wenu. Mnanijua. Nachelewa, najisifu, naacha vikombe vichafu. Kama hamnitaki, semeni. Kama mnanitaki... Aulis, acha kucheka, nimekosea kwa hofu. Kama mnanitaka, semeni pia. Nasubiri.

Asante, Pentti, nimekusikia. Aulis, sauti. Haya, asante. Mwenyekiti? Asante sana.

Raili?

Mmemsikia, au niwarudishie? Amesema, "Nimesoma. Sasa imepita. Vikombe vichafu virekebishwe."

Vitarekebishwa, Raili. Wewe nenda kaogelee, kapumzike kwenye sauna yako, kwenye joto la mvuke, na ukituma kitu kwa simu, ujue mlangoni yupo mtu anayeuliza mpaka ajibiwe.

Mheshimiwa Diwani, wageni, wenzangu, nawashukuru wote mlionipa masikio yenu. Keki iko tayari. Anayetaka kipande, aseme.