Reli Niliyoikwangua kwa Wembe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Watembea kwa Miguu pamoja na wanachama wako wenye viatu vya tope. Walimu na wanafunzi. Wenzangu wa Ofisi ya Ramani, mliokuja leo wengi kuliko mnavyokuja kazini siku ya Ijumaa. Dada Muuguzi na ndugu zako. Na wewe Mzee wetu Nusuhatua, ambaye watu wa itifaki wamekuweka mstari wa tatu ilhali bila wewe hapa pasingekuwa na mstari hata mmoja: nawasalimu nyote kwa heshima kubwa.

Nimepewa dakika tano. Naomba radhi mapema. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika ofisi ambayo watu huongea kwa kunong'ona wasije wakatikisa mkono wa mchoraji, na leo nimekabidhiwa kipaza sauti ndani ya shimo la machimbo ambalo kuta zake zinarudia kila neno. Nikisema uongo, mtausikia mara mbili. Kwa hiyo nimeamua kusema kweli, hata kama kweli yenyewe inanivua nguo mbele ya bosi wangu.

Tumekusanyika kuzindua njia ya kilomita sita, kutoka barabara kuu hadi hapa mlipokaa. Mmevuka daraja la mawe. Mmeiona nguzo ya ishara iliyomezwa na mti, ikabaki mkono mmoja tu nje. Mmeliona behewa lenye mti uliotokeza juu kupitia sakafu, na najua mmeliona kwa sababu kila mmoja wenu amepiga nalo picha, Mgeni Rasmi mara mbili. Hii kreni iliyo nyuma yangu mnaiona. Sasa niwaulize: vitu hivi vilikuwa wapi miezi minane iliyopita? Vilikuwa hapahapa. Lakini kwa mujibu wa ofisi ya serikali havikuwepo kabisa, na ipo barua yenye muhuri inayosema hivyo. Barua hiyo niliiandika mimi.

Ilikuwa hivi. Dada Muuguzi, huyu hapa mbele, alituandikia akiuliza swali moja: je, msituni huku kuna reli? Hakuuliza kwa udadisi. Baba yake, kila kukicha, alikuwa anachukua nyundo na spana na kuondoka nyumbani akisema anakwenda kukagua njia. Anarudi jioni amechanika suruali, ana majani kichwani. Siku moja wakamkuta amelala vichakani, nyundo kifuani. Ndugu wakakaa kikao. Wakasema, kama reli ipo, mzee ni mbishi tu, na mbishi hana dawa. Kama haipo, basi mzee anaumwa, nyumba ifungwe, ahamie mjini kwa binti yake, ghorofa ya nne. Niseme wazi kwamba Dada huyu hakuwa na nia mbaya. Chumba alikwishakipaka rangi.

Nami nikajibu kwa mstari mmoja: "Ofisi hii haina kumbukumbu ya reli wala machimbo katika eneo hilo, eneo hilo ni msitu." Nikagonga muhuri, nikaenda kunywa chai. Mnaona jinsi ilivyo rahisi kumhamisha mtu nyumbani kwake? Haichukui hata kikombe kizima.

Wiki haikuisha. Mzee akaja ofisini na barua mkononi. Mama wa mapokezi akamwambia, "Keti, baba, usubiri." Mzee akasema ameshasubiri vya kutosha, akaja moja kwa moja hadi mezani kwangu kwa zile hatua zake fupi fupi, zote sawa, ambazo ndizo zilizowafanya watoto wa mtaani kwake wamwite Nusuhatua. Hata akikimbia mvua, hatua ni zilezile, ila zinaongezeka idadi.

"Nani kaandika hii?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umewahi kufika huko?"

"Sijafika, mzee, ila tunazo picha zilizopigwa na ndege."

"Hiyo ndege ilitua?"

"Haikutua. Ilipita juu."

"Basi mimi nilipita chini. Miaka ishirini na saba, kila asubuhi, nakaza boliti. Tafuta viatu twende."

Tukapanga Jumamosi. Mzee akaweka sharti mwenyewe, sikumlazimisha: tukiikosa reli, atapanda gari la binti yake siku hiyohiyo na hatamsumbua mtu tena. Kwa hiyo tulipoingia msituni, Dada alibaki kando ya barabara ndani ya gari, ameshika usukani kwa mikono miwili.

Nilikuja na mpimaji wetu, mnamfahamu, tunamwita Dira kwa jinsi anavyovipenda vifaa vyake. Dira, simama watu wakuone. Haya, keti, usije ukapotea. Dira alikuja na chombo kinachozungumza na setilaiti, na kwa saa mbili nzima chombo hicho kilituongoza kwa ujasiri mkubwa. Tulipita kwenye miiba. Tulipita kwenye matope. Tulifika kwenye kichuguu kimoja, tukafika tena, na mara ya tatu tukakisalimia. Mzee alikuwa nyuma yetu, nyundo begani.

Mwisho nikasema, "Jamani, turudi, hakuna kitu." Na niungame mbele yenu: nilifurahi. Nilikuwa nimechanwa, nimeng'atwa na siafu, lakini nilifurahi kwa sababu barua yangu ilikuwa imeshinda. Mzee akatuuliza kwa upole, "Mmemaliza? Basi nipisheni."

Akasogeza matawi, akageuka geuka kidogo, akaanza kutembea. Hatua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, chini ya majani, kitu kikalia: ko! Ya nne: ko! Ya tano: ko! Dira akapiga magoti, akafukua kwa mikono, akatoa udongo na mizizi, na pale chini kulikuwa na chuma. Lilikuwa taruma, lile gogo la chuma linalolaliwa na reli. Reli zenyewe ziling'olewa zamani njia ilipofungwa, lakini mataruma yaliachwa, udongo ukayafunika. Na Mzee alikuwa ameshatuacha mbali, ko, ko, ko, hakosi hata moja.

Ndugu zangu, anayetembea juu ya mataruma hachagui urefu wa hatua. Mataruma ndiyo yanayomchagulia. Yatembee miaka ishirini na saba uone kama miguu yako itakuja kusahau! Ile hatua iliyokuwa inachekwa mtaani kwake ilikuwa kipimo sahihi kuliko chochote kilichomo ofisini kwangu. Mimi nilijaribu kumfuata nikaanguka mara nne. Dira anasema mara sita, ila tulishakubaliana kwamba siku ile vipimo vyake havikuwa vya kutegemewa.

Tulipotokea hapa machimboni, Mzee aliiendea hii kreni, akaigusa ekseli, akanusa kidole, akasema, "Grisi imekauka." Kama mtu aliyetoka hapa jana! Kisha akakaa juu ya jiwe, akatoa kitambaa, akajifuta uso kwa muda mrefu. Akasema bila kunitazama, "Sasa nenda ukamwambie binti yangu kwamba sina wazimu."

Nilikwenda. Nilikimbia, na mimi sikimbii. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Jumatatu nikafungua kabati la ramani za zamani, zile zilizochorwa kwa wino juu ya plastiki, nikatoa ramani ya eneo hili nikaiinamisha kwenye taa. Pale palipokuwa peupe pana mikwaruzo. Inaanza barabarani, inakata kona, inavuka mto, inaishia hapa hapa. Reli ilikuwepo kwenye ramani! Kuna mtu aliikwangua kwa wembe. Nikatazama pembeni, palipo na sahihi ya mrekebishaji, kwa hamu ya kumjua huyo mjinga.

Nilikuwa mwaka wa kwanza kazini, nina miaka ishirini na minne na wembe mpya. Niliambiwa kisichoonekana kwenye picha hakina nafasi kwenye ramani, na picha zilionyesha miti. Nani mwingine kati yenu amewahi kufuta kilomita sita za chuma, daraja na machimbo, akamaliza kabla ya chakula cha mchana? Wenzangu wa ofisini, mnaocheka hapo nyuma, kuanzia wiki ijayo kila karatasi mnayoirekebisha mtaifuata kwa miguu. Nimeshasaini. Viatu mtajinunulia.

Dada aliposikia habari zote, alinishukuru, kisha akasema, "Reli ipo, sawa. Lakini baba ana miaka themanini na miwili, na reli haitamwinua akianguka." Alikuwa na haki. Hapo ndipo Chama cha Watembea kwa Miguu kiliposimama, na nakisifu kwa moyo wangu wote. Kila asubuhi wanachama wawili wanatembea na Mzee kutoka barabarani hadi hapa na kurudi. Mwezi wa tatu sasa, hawajakosa siku. Amepewa kizibao cha kung'aa, anakichukia, anakivaa. Nasikia wiki iliyopita alimsimamisha Mwenyekiti mwenyewe na kumkaripia kwa kupiga soga kazini.

Kwa hiyo leo nimeandika barua nyingine. Ni fupi, naisoma: "Dada, rejea barua yetu ya awali. Reli ipo. Machimbo yapo. Kilichopotea ni ofisi hii. Baba yako yuko sawasawa." Muhuri huu hapa.

Limebaki jambo moja, halimo kwenye ratiba. Mambo ya familia ya watu hayanihusu, na ningenyamaza, ila barua yangu ya kwanza ilishaingia sebuleni kwenu bila kupiga hodi. Dada, nimeambiwa na majirani kwamba kuna begi. Begi la Mzee, lile alilofungiwa nguo zake tayari kwa safari ya mjini, bado liko nyuma ya mlango, na kila asubuhi analipita akienda kazini. Mimi ndiye niliyelifunga, hata kama mikono ilikuwa ya kwenu. Naomba kwa unyenyekevu, mkifika nyumbani leo...

Unasemaje, Dada? Sema kwa nguvu, huku hatusikii. Basi sema hivyo hivyo, nitawaambia mimi.

Anasema alilifungua jana jioni. Anasema nguo zote zimerudi kabatini, na begi anarudi nalo mjini, tupu.

Sina tena la kuomba, na Mzee naona ameanza kuangalia saa. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wageni wetu wote, nawashukuru kwa kufika, na asanteni sana kwa kunisikiliza kwa subira nisiyoistahili.