Sifuri ya Mwalimu Karne

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1956, mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa posta na mshonaji wa sare za shule. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, alikuwa na miaka mitano siku hiyo. Anakumbuka vizuri kwamba kichanga kilipofunuliwa uso kiliwatazama wote chumbani kama mtu aliyeletewa chai iliyopoa. Uso huo marehemu hakuubadilisha mpaka uzeeni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa historia aliuliza ni tukio gani lililoibadilisha dunia kuliko yote. Mmoja akasema moto, mwingine akasema gurudumu. Marehemu akanyoosha mkono, akasema swali lenyewe limeulizwa ovyo. Alitolewa nje, na huko nje akaendelea kubishana na mtunza bustani hadi kengele ikalia. Swali lile likamganda kama kupe. Aliingia nalo sekondari, akaenda nalo chuo cha ualimu, akahitimu nalo mwaka 1978.

Alifundisha historia katika sekondari moja tu, tangu mwaka huo hadi alipostaafu 2016. Darasa lake lilikuwa la mwisho kwenye korido, lenye dirisha lililozibwa kwa kadibodi na ramani ya dunia iliyochanika katikati ya bahari. Wanafunzi walimwita Karne, maana hata chumvi hakuweza kuiomba bila kuanza na "katika karne ya kumi na nane." Jibu lake lilikuwa injini ya mvuke. Kabla ya mvuke, alisema, dunia ilitambaa; baada ya mvuke ikaanza kukimbia, na hajaona wa kuisimamisha. Aliyefikiri vinginevyo alikuwa bwege. Ukimtajia vita vikuu, alisema hayo ni matokeo, si chanzo. Ukimtajia chanjo, alisema imeongeza tu idadi ya wajinga wanaofika utu uzima. Katika kusahihisha hakuwahi kuvuka saba juu ya kumi. Nane, alisema, ataitoa siku mwanafunzi atakapomfundisha yeye kitu, na akashauri watu wasiisubiri wakiwa wamesimama.

Kila Jumamosi barazani kwake walikusanyika wenzake: fundi saa, mfamasia na dereva wa lori. Wapo hapa leo, safu ya pili, na dada wa marehemu anawaomba walau kwa leo wasinong'one. Watu wazima wenye mvi walitoana jasho kwa mambo yaliyopita kabla babu zao hawajazaliwa. Huyu meza anaipiga, yule kiti anakisukuma. Loo! Debe tupu haliachi kuvuma. Wote walijua kilichoibadilisha dunia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha kikombe chake jikoni.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mkunga wa zahanati. Siku ya kwanza kukutana, badala ya kumuuliza binti wa watu habari za nyumbani, alimuuliza lile swali lake. Mkunga, mikono ikiwa bado imelowa, akajibu, "Sabuni."

"Sabuni si tukio," marehemu akasema.

"Kwani wewe ni tukio gani?"

Dada yake alikuwepo, akaona kwa mara ya kwanza mdogo wake amekosa la kusema. Akajua huyo ndiye wifi yake. Mungu aliwajalia watoto wawili wa kiume, ambao wote walikwenda kusomea umeme ili wasiulizwe habari za mvuke.

Sasa kuna jambo ambalo baadhi ya ndugu walishauri lirukwe. Halitarukwa, kwa sababu kila aliyeketi hapa analijua, na kulificha ni kujitia hamnazo mbele ya jeneza.

Mdogo wa marehemu ni mpiga chapa. Ni mwenye kile chumba cha mitambo nyuma ya soko, kinachonuka wino tangu mlangoni, na yeye siku zote alishikilia kwamba dunia ilibadilishwa na mtambo wa kuchapa. Utani wao ulikuwa wa kawaida, wa kaka na mdogo wake. Lakini mwezi Julai 2008 shule iliandaa mdahalo, mada ikawa ileile, na marehemu akawa jaji. Aliyesimama kutetea uchapaji alikuwa binti wa mpiga chapa, msichana wa kidato cha nne. Ukumbi ulijaa, wazazi wamekaa mbele. Msichana alipomaliza hoja zake akamgeukia jaji kwa adabu zote.

"Baba mkubwa, bila kitabu kilichochapwa, habari za huo mvuke ungezisoma wapi?"

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Mkuu wa shule alicheka. Hata mke wa marehemu alicheka. Marehemu akasimama, akashika chaki, akaandika ubaoni mbele ya watu wote alama ya mtoto wa ndugu yake: sifuri.

Kicheko kikakatika. Msichana alibaki amesimama pale, macho yamejaa, asijue aketi au atoke. Baba yake alipanda jukwaani akamshika mkono, akamwambia kaka yake, "Siku utakapomwomba radhi mtoto huyu, ndiyo siku utakaponiona." Marehemu akajibu kwamba jaji haombi radhi.

Mtu mzima! Mwalimu wa watoto wa watu! Tangu siku hiyo ndugu wawili waliotoka tumbo moja walipishana barabarani kama wasiojuana. Harusi za watoto wa marehemu zilifanyika bila baba mdogo. Msichana alimaliza shule, akaingia kwenye mitambo ya baba yake, akaolewa bila baba mkubwa. Dada yao alikwenda huku akafukuzwa kwa hoja, akaenda kule akafukuzwa kwa machozi. Huyu hakukubali kushuka, yule hakukubali kusogea. Wanaume hawa walijua kwa nini falme zilianguka, na wakashindwa kuvuka barabara.

Mapema mwaka jana koo lilianza kumkwaruza marehemu. Madaktari wakasema ni saratani ya koromeo. Alifanyiwa upasuaji mwezi Novemba, na sauti haikurudi. Mtu aliyebishana tangu darasa la tano alinyamazishwa, na barazani wenzake wakagundua kwamba bila yeye hawana la kusema. Mkewe alimnunulia kibao kidogo cha watoto na boksi la chaki. Kwa kibao hicho aliomba maji, aliomba dirisha lifunguliwe, na aliwasahihisha wauguzi tahajia.

Mwezi Julai mwaka huu, hali ilipokuwa mbaya, aliandika maneno mawili na kumwonyesha dada yake: "Mlete mtoto."

Dada hakuuliza mtoto yupi. Alikwenda kwenye mitambo akasimama kati ya baba na binti, akasema safari hii hakuja kubembeleza. Binti akavua aproni. Baba yake akafuata nyuma, akaishia mlangoni mwa wodi.

Binti alikaa kando ya kitanda. "Shikamoo, baba mkubwa."

Marehemu alimtazama muda mrefu kwa uso ule ule wa chai iliyopoa. Kisha akavuta kibao, akaandika polepole: "6/10. Hoja nzuri. Mifano haikutosha."

Binti alisoma. Akacheka huku machozi yanamtiririka. "Sita tu, baba mkubwa? Miaka yote hii?"

Marehemu akafuta kwa kiganja. Akafikiri. Akaandika: "6½." Halafu akanyoosha mkono wenye chaki kuelekea mlangoni, na mdogo wake akaingia.

Marehemu alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2025, mdogo wake akiwa amemshika mkono. Kile kibao mkewe hajakifuta, na amekataza mtu kukigusa.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, mdogo mmoja, na binti mmoja wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyepanga na kuchapa karatasi mlizoshika mikononi. Injini ya mvuke haikuleta mchango wowote.

Apumzike kwa amani, na huko aendako asimsahihishe mtu.