Msajili wa Studena Aliyekataa Daftari Jipya

Ndugu Fedor Holovchak, msajili wa vizazi, ndoa na vifo wa bonde la Studena, anastaafu tarehe 30 Juni 1937 baada ya utumishi wa miaka arobaini kamili. Barua ya wilaya inasema miaka thelathini na tisa na miezi saba, kwa sababu imezitoa siku mia moja arobaini na tano za Jamhuri ya Studena. Barua hiyo imekosea. Siku hizo zote Fedor alikuwa mezani pake akiandika.

Aliingia ofisini mwaka 1897, kijana mwenye mwandiko ambao hata padri aliuonea wivu. Alikuta vyeti vimerundikwa kwenye sanduku la viazi. Akabuni daftari lake mwenyewe: kila nyumba na ukurasa wake. Mtajie namba ya nyumba, naye atakufunulia ukoo mzima, wakiwemo wale ambao ukoo ungependa wasahaulike. Mkewe, Bi Paraska, husimulia kwamba Fedor alimwambia tu ukurasa wa nyumba yake, namba 64, una nafasi nzuri kando ya jina lake, naye akaelewa kuwa ameposwa.

Kisha himaya iliyotutawala ikaanguka. Tarehe 9 Novemba 1918 wachunga kondoo, wakata magogo na askari waliorudi kutoka vitani wamejifunga matambara miguuni walikusanyika sokoni, wakatangaza Jamhuri. Wapo wanaoicheka leo: ati vijiji kumi na kimoja, rais mhunzi, bendera ya shuka. Wacheke. Jamhuri hiyo iliwagawia msitu watu waliokuwa wakifungwa kwa kuokota kuni humo, na ilifungua shule iliyofundisha kwa lugha ya watoto wenyewe. Wanaoicheka wametawala miaka kumi na minane na hawajaongeza hata darasa moja.

Waziri wake wa Mambo ya Ndani, mwalimu Yurko Manzak, alifika ofisini na amri: lifunguliwe daftari jipya, Mwaka wa Kwanza. Fedor akakataa. Manzak alimwita mkia wa himaya, na sisi vijana tuliojazana mlangoni tukaongeza matusi yetu. Fedor alikausha wino kwanza, ndipo akajibu.

"Mwalimu, nyumba haihami kwa sababu bendera imebadilika. Jamhuri yako nitaiandika, lakini nitaiandika pale walipo watu."

Akaiandika kweli: ndoa sitini na moja, watoto mia moja na kumi na wawili, kila mmoja kwenye ukurasa wa nyumba yake.

Tarehe 2 Aprili 1919 jeshi la serikali mpya iliyorithi himaya lilipanda bonde. Jamhuri haikuwa na mzinga hata mmoja, lakini kwa bunduki tisini ililishikilia daraja kwa saa sita. Manzak alifia hapo. Siku ya tatu kapteni aliingia ofisini na bwana mwenye msitu, Sirmazi, akitaka maandishi yote ya Jamhuri yachomwe sokoni. Maana yake kila mtu aliijua: ndoa sitini na moja zingegeuka uhawara, na watoto mia moja na kumi na wawili wangebaki bila baba wala jina. Mama zao walisimama nje, wamewapakata.

Fedor alileta daftari. Kapteni alifunua huku na huku, akakuta kila ukurasa Jamhuri imekaa chini ya himaya, haichambuliki, kama chumvi ndani ya supu. Akaamuru lichomwe lote.

"Lichome, Bwana Kapteni," Fedor alisema. "Ila ukurasa wa kwanza ni wa jumba la Bwana Sirmazi. Ukiungua, yeye hakuzaliwa, baba yake hakuoa, na msitu huu hauna mrithi."

Sirmazi ndiye aliyelinyakua daftari na kulikumbatia kifuani. Kapteni akataka basi majina yakatwe kwa wino mwekundu. Kwa adabu iliyotuudhi sote, Fedor alimweleza kwamba jina hukatwa kwa hukumu ya mahakama, moja moja, na mashahidi wawili kwa kila moja.

"Karani, wewe ni punda," kapteni alisema.

Fedor alikiri, akaongeza kwamba milimani kwetu punda ndiye anayefika na mzigo. Mpaka leo haijaletwa hukumu hata moja.

Husemwa kwamba ule ulikuwa ukaidi wa karani tu, si uzalendo. Wenye kusema hivyo wanionyeshe uzalendo wao umeokoa nini. Mapinduzi mengi huanza kwa kununua daftari jipya, na ndiyo maana kiberiti kimoja huyatosha.

Wiki iliyopita Hafia Petrik, aliyezaliwa Januari 1919, alikuja kutafuta cheti ili aolewe. Wilaya imeagiza mahali pa kuzaliwa paandikwe jina la mkoa. Fedor alinakili kama daftari lisemavyo: Jamhuri ya Studena. Akakigonga muhuri wa serikali ya leo, akakipeleka. Wilaya ilikaa nacho siku nne, ikatia sahihi.

Ndugu Fedor, nyumba mia nne na thelathini zinakushukuru, pamoja na wale tuliokutukana mlangoni. Tunakutakia wewe na Bi Paraska uzee mrefu wenye afya na raha, chini ya serikali yoyote itakayokuwepo.