Zadock Ogweno na Jengo la Nyuma ya Ghala

Marehemu Zadock Ogweno alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 karibu na soko la Kombewa, Seme, mwana wa tatu wa Mzee Gordon Ogweno na Mama Nereah. Alikuwa mtoto wa maswali. Akitumwa kuni, alirudi na habari za jinsi paa la jirani lilivyofungwa, na kuni hakuna.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha shule ya bweni, na mwaka 1963 akahitimu usanifu wa majengo Nairobi. Aliporejea Kisumu mwaka 1966, wengine walidhani amefukuzwa kazi. Kumbe alikuwa amechagua kwao.

Tarehe 18 Desemba 1965 alimwoa Lornah Anyango, mwalimu kutoka Ahero. Siku ya kwanza ukweni alikodolea nguzo za nyumba macho hadi chakula kikapoa, baba mkwe akauliza kama kijana amekuja kuoa au kukagua.

Mwaka 1972 chama cha ushirika cha wafanyakazi wa bandari kilimwomba achore jengo la makazi la ghorofa nane. Kiwanjani palikuwa na ghala la pamba la mawe, la enzi za ukoloni, na wanachama walitaka libomolewe. Zadock alikataa katakata, ingawa alijua anaweza kuipoteza kazi hiyo. Alitaka ghala libaki mbele na ghorofa zisimame nyuma yake, jengo moja.

"Hiyo ni kitu ya mkoloni, Bwana Zadock," alisema mwenyekiti, Mzee Enos Oluoch.

"Mkoloni alisimama tu na kofia. Mawe ilibebwa na baba zetu, Mzee."

Mzee Enos alikubali, maana baba yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa wabebaji. Kisha akaweka kidole kwenye mchoro. Zadock alikuwa amechora lango kubwa upande wa nyuma, wapangaji waingie bila kupita ghalani.

"Sasa huyu kijana anajifungulia lango yake, na baba bado yuko kwa boma?"

Msomi wetu, Mjaluo wa kuzaliwa, alikuwa amesahau kwamba kwa mila yetu wana hupita lango la baba, na hapa baba alikuwa ghala. Alijicheka, akachora upya, na mlango wa ghala ukawa mlango wa wote.

Mjini walisema hakuna atakayehamia nyuma ya stoo ya popo. Maneno hayo yalimkera kuliko alivyokiri, kwa kuwa jengo likikaa tupu, jasho la wanachama lingekuwa limepotea kwa ushauri wake.

Mwaka 1977 figo zilianza kumsumbua. Jengo lilipofunguliwa Juni 1978, alikuwa amelazwa hospitalini Kisumu. Kila Lornah alipoingia wodini, swali lilikuwa moja: "Watu wameingia?" Mwanzoni jibu lilikuwa, wachache. Kisha siku moja mkewe akaja akitabasamu.

"Baba Seline, nguo imeanikwa mpaka ghorofa ya nane. Na ni ile upande ya mbele ulikataza watu waanike."

"Wacha waanike," akasema, na siku hiyo alikula vizuri.

Alituacha asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1978. Tulilia, na bado tunalia.

Ameacha mjane, Lornah. Watoto Seline, Laban na Jentrix. Mama yake mzazi, Nereah. Na sisi ndugu zake.

Pumzika kwa amani, mwana wa Ogweno. Watu wameingia.