Mpira Uliovuka Ukuta

Nereida aliona kwanza mikono ya mama aliyeketi kiti cha mbele yake ndani ya basi, iliyomenya chungwa bila ganda kukatika, huku mdomo wake ukibishana na mzee wa kofia ya bluu asiyemjua.

Asubuhi ile redio zote za mji wa San Pedro zilikuwa zimetangaza kwamba Rufo Valdera, bingwa wa besiboli, amekiri kudungwa dawa za kuongeza nguvu mwaka alioweka rekodi ya kupiga mipira nje ya uwanja.

"Rekodi ifutwe," alisema mzee. "Mwizi haachiwi kuku."

"Kuku gani, baba? Mpira wa rekodi ulivuka ukuta wa uwanja nikiuona kwa macho yangu. Utaurudisha wewe?"

"Hata fahali wangu nikimdunga sindano atavuka ukuta!"

"Mdunge basi, tuone kama atalenga mpira."

Basi zima likacheka. Mzee hakutikisika. "Na hao aliowashinda je?"

"Nani, yule mrushaji aliyemtupia mpira siku ile ya rekodi? Mpira wake hata bibi yangu angeupiga!"

Hapo mzee naye alicheka. Ni jambo hilo tu walilokubaliana.

Tangu siku ya rekodi mrushaji huyo hakukanyaga uwanjani tena, maana kila alikopita watoto walimpigia mluzi wa kuiga mpira unaopaa.

Nereida ni mtu wa kukubali kupitilizwa kituo kuliko kumwita dereva. Lakini basi liliposimama sokoni, alisimama kati ya wale wawili.

"Yule mrushaji ni baba yangu," alisema. "Na siku ile yeye hakudungwa chochote; alikuwa na kahawa tu tumboni."