Iha Kenga Hakuweka Jina Lake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo na familia moja ya Golbanti iliyofiwa. Wiki tatu zilizopita alizikwa huko mkulima aitwaye Iha Kenga. Iha Kenga, mkulima wa mpunga na ndizi, mwenye miaka hamsini na minne. Malaria ilimlaza siku tano. Ya sita akatuacha.

Nilipofika kwake, mjane wake, Mama Dama, alikitazama kwanza kinasa sauti changu. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamjibu. Akacheka kidogo.

"Usione vibaya," akasema. "Hilo ni swali la marehemu. Hata mchungaji akija hapa lazima aulizwe ametumwa na nani."

Naam, Iha alikuwa mtu wa kushuku. Na shaka yake haikuanza bure. Mafuriko yale makubwa ya mwaka tisini na saba yalipopungua, walikuja watu wasiojulikana na karatasi. Wakachukua majina na alama za vidole, wakaahidi unga. Unga haukuja. Ukaja uvumi kwamba karatasi zile zilikuwa za kuuzia mashamba. Tangu hapo Iha akaapa kwamba haweki jina lake popote.

Basi Agosti ya mwaka tisini na nane, muuguzi mmoja wa Garsen, Sister Susan, akatangaza matembezi ya hisani. Kutoka Golbanti hadi Garsen, kwa miguu, kuwachangia wagonjwa wa saratani ili wafike hospitali kubwa. Kila mtembeaji aandike jina.

Iha aliposikia habari ya jina, akamwambia mkewe, "Tangu lini ugonjwa ukatibiwa kwa miguu? Hawa wanapima ardhi."

Siku ya matembezi alifika wa kwanza. Sister Susan akamletea orodha.

"Mimi sikuja kutembea," Iha akasema. "Nimekuja kutazama."

"Kutazama nini, baba?"

"Nikijua nitakwambia."

Wakaondoka watu kama arobaini, Iha akawafuata nyuma. Mtu akiinama kufunga kiatu, yeye anadhani anaweka alama ya mpaka. Lakini aliyemtia shaka zaidi alikuwa mama mmoja wa Kiorma, muuza maziwa. Jina lake Darmi. Darmi alitembea peke yake, mkono mmoja umo ndani ya mtandio, hautoki. Hata maji alipokea kwa mkono mwingine. Iha akaamini karatasi ziko humo.

Walipopumzika, akamwendea. Mkulima wa Kigiriama na mama wa wafugaji, mwaka ambao habari za ng'ombe kuingia mashambani zilikuwa zimewakosanisha watu wengi. Haya nimeyapata kwa Darmi mwenyewe.

"Mama, umeficha nini humo?"

"Kwani wewe ni polisi?"

"Nataka kujua tu. Ni karatasi?"

"Ni uvimbe," Darmi akasema. "Uko kwenye titi. Una miezi saba sasa. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Watu wakijua, nani atanunua maziwa yangu?"

Nilimuuliza Darmi kwa nini alimwambia mgeni. Akanijibu, "Nilikuwa nimechoka. Watu wote wale walitembea kwa ajili ya wagonjwa, na aliyeniuliza ni yeye peke yake."

Iha alikaa chini. Halafu akasema, "Mimi sitasema. Lakini Sister yule mwambie. Nitakuwa karibu." Akamwita Susan, akasogea pembeni, akawapa mgongo mpaka walipomaliza.

Jambo hilo halikuishia hapo. Kesho yake Sora, mume wa Darmi, alifika kwa Iha na fimbo mkononi.

"Watu wamekuona umekaa na mke wangu njiani. Mlisema nini?"

Mama Dama alikuwa mlangoni. Anakiri kwamba yeye pia alilitaka jibu hilo.

"Nimeahidi kunyamaza," Iha akasema. "Kamuulize mwenyewe. Na fimbo iache hapa."

"Nikikuta ni uongo?"

"Kwangu umeshapajua."

Sora akaiegemeza fimbo ukutani, akaenda. Zikapita siku nne. "Siku hizo nne nilimpikia, lakini sikumsemesha," Mama Dama aliniambia. "Nilimshuku mume wangu, naye alijua."

Siku ya tano Sora akarudi. "Ameniambia," akasema. "Kesho nampeleka Mombasa." Akachukua fimbo yake.

Darmi alifanyiwa upasuaji. Wateja wengine walimkimbia, wengine wakarudi. Asubuhi ya leo nimekunywa chai ya maziwa yake mjini Garsen. Na Iha, hata mwisho wa matembezi, alikataa kuandika jina. Sister Susan anasema alimwambia, "Watu wako nimewaona ni wazuri. Karatasi yako bado siijui."

Mazishini Sora na Darmi walikuja. Watu wakanong'onezana. Darmi akamshika Mama Dama mkono mbele ya wote, akasema, "Mumeo alinishuku, akaja kuniuliza. Ndiyo maana mimi niko hapa."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mama Dama, watoto na majirani wote wa Golbanti. Mungu amlaze Iha pema. Nasi tujiulize: kuna mtu gani tunayemsema kwa wenzetu, na hatujawahi kumuuliza yeye? Leo tumwendee. Na akitujibu, tuwe tayari kwa jibu ambalo hatukulitarajia.