Salamu ya Elvio kwenye Kona ya Tanuri

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto, mkae kidogo. Elvio Santecchia ametutoka. Dereva wa mbio za magari, mtoto wa hapa Colmirano, alifariki Jumanne asubuhi nyumbani kwake akiwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa ameshakunywa kahawa yake. Alikuwa ameshalalamika kwamba sukari haitoshi. Kisha akaegemea kiti, akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Dada yake Nives alikuwa pembeni akikunja nguo. Alidhani kaka yake amenuna tu.

"Ndiyo tabia yake," Nives aliniambia jana. "Akikosa la kujibu, anajifanya amelala."

Akacheka. Halafu akafuta macho kwa taulo alilokuwa ameshika.

Wengi mnaijua orodha ya ushindi wa Elvio. Austria, Uswisi, Hispania, popote palipokuwa na barabara ya mlimani na saa ya kupimia, Elvio alikwenda na akarudi na kikombe. Timu kubwa ya Torino ilimwajiri akiwa kijana, na kwa miaka mingi alikula mkate wake kwa kuendesha. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya mlima mmoja tu. Mlima wetu. Kutoka uwanja wa Colmirano hadi kilele cha Cerreta. Kwa sababu, wasikilizaji wapendwa, kwa muda mrefu Elvio alishinda kila mlima isipokuwa huu. Kila mwaka, nyumbani kwao, mbele ya watu wake, alikuwa wa pili.

Pale baa, mzee Gualtiero, mwenye baa, hakumwacha apumue. Elvio akiingia tu, Gualtiero anaweka vikombe viwili kaunta.

"Nimeagiza kimoja," Elvio anasema.

"Najua, bingwa. Lakini cha kwanza kimeshachukuliwa. Wewe kunywa cha pili."

Watu wanacheka, na Elvio anacheka nao. Aliyekuwa hacheki ni Nives.

Nives ndiye aliyekuwa fundi wake hapa nyumbani. Timu ilileta gari, lile jekundu dogo lisilo na paa, lakini likishaingia karakana ya akina Santecchia, injini ilikuwa ya Nives. Kwake, kikombe cha Austria kilikuwa cha magazeti. Cha hapa kilikuwa cha watu. Alikitaka kuliko hata Elvio mwenyewe.

Na ninyi mnajua jinsi tunavyotazama mbio zetu. Hatutazami, tunasikiliza. Gari likishaondoka uwanjani, linapotelea nyuma ya nyumba, na bonde zima linanyamaza. Hata watoto wanazibwa midomo. Mlio unapanda, tunahesabu gia, tunajua yuko daraja la chini, sasa yuko shamba la mizabibu, sasa yuko kona ya tanuri la matofali. Na kila mwaka, hapo hapo kona ya tanuri, injini ya Elvio ilikuwa inakata pumzi. Kidogo tu, kama mtu aliyemeza mate. Kisha inaendelea.

Nives aliusikia mkato ule akailaumu kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Mwaka wa kwanza aliifungua kabureta na kuisafisha. Mwaka uliofuata akabadilisha mirija ya mafuta. Mwaka mwingine akaifumua injini nzima mezani, na Elvio akamkuta amelala juu ya mikono yake kati ya bolti.

"Acha, Nives. Haina kitu."

"Ina kitu! Mimi nina masikio. Wewe una nini, mguu tu?"

Elvio akaingiza mkono mfukoni. Akajifanya anatafuta sigara.

Ukaja mwaka wa sabini na nne. Timu ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia mwaka unaofuata itashiriki mbio za viwanjani tu. Milima basi. Kwa hiyo hii ilikuwa nafasi ya mwisho ya Elvio kupanda Cerreta akiwa na gari la kushinda. Akikosa safari hii, atabaki wa pili milele, na vikombe viwili vya Gualtiero vitakuwa kaunta mpaka siku ya kufa.

Jumamosi, siku ya majaribio, Nives alisimama uwanjani amefumba macho. Elvio akaondoka. Daraja. Mizabibu. Kona ya tanuri. Injini haikukata. Ilipita ikiimba moja kwa moja hadi juu. Muda wake ulikuwa bora kuliko wa wote.

Nives angefurahi. Badala yake alifumbua macho akaanza kuhesabu miaka. Alikumbuka kwamba Jumamosi za majaribio injini haikukata kamwe. Ilikata Jumapili tu. Gari ni lile lile, petroli ni ile ile, barabara ni ile ile. Ni nini kilichopo kona ya tanuri Jumapili, kisichokuwepo Jumamosi?

Kiti cha mama.

Kila mwaka, Jumamosi, mama yao, Bi Argia, alikuwa jikoni tangu alfajiri akipika vincisgrassi ya sikukuu, chakula chetu cha unga na mchuzi wa nyama, tabaka juu ya tabaka, na hakuna aliyethubutu kumtoa hapo. Jumapili za mbio alikuwa akibeba kiti chake cha nyasi na kukaa kwenye kona ya tanuri, nyuma ya marobota ya majani makavu. Alikuwa hapo tangu mbio za kwanza kabisa za Elvio. Siku hiyo ya kwanza kijana aliingia kona kwa pupa, akateleza, akapiga marobota, na robota moja likamwangusha mama yake na kiti chake. Bi Argia aliinuka na majani kichwani, hakuumia hata kidole, akapiga kelele: "Nenda, we mpumbavu, nenda! Unasubiri nini?"

Akaenda. Lakini tangu siku hiyo, kila akimwona mama pale, mguu wake uliachia pedali ya mafuta wenyewe.

Nives aliingia jikoni bila kunawa mikono.

"Mama, kesho usikae kwenye kona."

"Nikae wapi, chini ya kitanda? Ondoa hiyo mikono ya grisi kwenye unga wangu."

"Elvio akikuona anaachia mafuta, Mama. Ndiyo maana anashindwa. Si kabureta. Ni wewe."

Bi Argia aliacha kukoroga. Mchuzi ulichemka peke yake.

"Ule mlio," akasema. "Ule unaoshuka akifika kwangu."

"Ndio huo."

"Mimi nilidhani ananisalimia." Alikaa. "Nimewaambia majirani wote, mwanangu akipita hunisalimia kwa injini."

Wasikilizaji wapendwa, Nives ameniambia kwamba katika maisha yake yote, hilo ndilo jambo gumu zaidi kulisema na kulisikia. Alimnyang'anya mama yake salamu. Alitaka hata kurudisha maneno yake. Lakini Bi Argia alishika tena mwiko.

"Haya. Toka jikoni kwangu. Nitajua mwenyewe pa kukaa."

Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza, watu wa Colmirano waliona trekta la jirani yao Primo likipanda mlima taratibu. Kwenye tela alikuwa Bi Argia, amekaa juu ya kiti chake cha nyasi, wima kama anapigwa picha, na mapajani mwake sinia zima la vincisgrassi limefungwa blanketi.

Nives alimfuata Elvio kwenye mstari wa kuanzia. Aliinama, akasema karibu na helmeti: "Mama hayupo kwenye kona. Yuko juu kileleni na chakula chote. Amesema anayetaka kula, apande."

Elvio alimtazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na sigara ya kutafuta.

"Umejua lini?"

"Jana. Wewe?"

"Siku zote," akasema. "Ningemwambiaje?"

Bendera ikashuka.

Bonde likanyamaza. Daraja. Mizabibu. Gualtiero alikuwa mlangoni mwa baa ameshika kitambaa, hafuti kitu. Kona ya tanuri. Na injini ile, wasikilizaji wapendwa, haikumeza mate. Ilipita kwa sauti moja, nzima, hadi Cerreta. Nives alikaa chini juu ya tairi.

Elvio Santecchia alishinda mbio za nyumbani kwake. Huko juu alivua helmeti na kumkuta mama yake na sinia.

"Umechelewa," Bi Argia alimwambia. "Kimepoa."

Jioni ile Gualtiero aliweka kikombe kimoja tu.

Elvio aliendelea kuendesha mbio za viwanjani kwa miaka kadhaa, kisha akarudi. Nusu ya watu wa bonde hili aliwafundisha kuendesha gari, na wote mnajua alivyokuwa akifoka mtu akikanyaga breki ovyo. Lakini kila siku, akipita kona ya tanuri na kigari chake cha mizigo, aliachia mafuta kidogo. Mama yake alikuwa bado hai, akija kukaa pale na kiti chake, na hapakuwa na saa ya kupima. Safari hii ilikuwa salamu kweli. Mama alipofariki, Elvio aliendelea kuachia. Mimi mwenyewe nimeusikia mkato ule mara nyingi nikifungua madirisha ya studio hii.

Kwa Nives, kwa wana wa Elvio na wajukuu, tunawapa pole kutoka moyoni. Na sisi tuliobaki, tufikiri kidogo. Huenda kuna mtu mezani kwetu anayetupunguzia mwendo wake kila siku, na hatujui. Huenda kuna mwingine aliyesogeza kiti chake ili sisi tupite.

Maziko ni kesho saa nne asubuhi. Elvio atalazwa Cerreta, kando ya Bi Argia. Mtakaofuata kwa magari, mkifika kona ya tanuri, achieni mafuta kidogo. Bonde litasikia.

Nives hatakuwa kwenye msafara. Ameniomba niwaambie kwamba atatangulia, na kiti cha nyasi na sinia. Anayetaka kula, apande.